Sekunde Ishirini na Mbili

Saa moja usiku, Regina, digrii thelathini chini ya sifuri.
Juu nimevaa blauzi yangu ya heshima,
chini suruali ya kulalia na soksi za sufu zenye mistari,
maana jicho la kamera linaishia kiunoni.
Taa nyekundu inawaka. Nasema: hamjambo.
Jibu halipo.
Jibu liko njiani.

Fundi wa chuo alinieleza, kijana mpole mwenye haraka:
"Mama Hrynchuk, picha yako huondoka hapa,
huzunguka inakojua yenyewe,
huwafikia baada ya sekunde ishirini na mbili.
Wao watakuona, wewe hutawaona.
Wataandika, utasoma."
Miaka thelathini na mmoja nimefundisha kwa kutazama mabega:
bega likilegea, narudia;
bega likiinuka, nasonga mbele.
Sasa nafundisha tundu jeusi, dogo kama punje ya haradali,
na tundu halina bega.

Basi nimejifunza kungoja.
Nauliza, nusu jumlisha theluthi ni ngapi?
kisha nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili,
gari la kuzoa theluji linapita dirishani,
kumi na tisa, ishirini,
ndipo yanapoanza kudondoka.
Delphine Moosomin, mfagizi wa zamu ya usiku hospitalini,
simu kaiegemeza kwenye ndoo:
"Tano juu ya sita?"
Alama ya kuuliza haimtoki,
hata jina lake huliandika hivyo, Delphine?
Lorne Pelletier, ndani ya lori kando ya kituo cha mafuta,
injini ikiwaka asije akaganda:
"Mbili juu ya tano. Usinicheke."
Na Wilma Friesen, miaka sabini na miwili,
aliyetolewa darasa la sita akalee wadogo zake,
haandiki kitu ila "Nipo."
Kila Jumanne, kila Alhamisi.
"Nipo."

Simcheki Lorne. Nachora mkate, naukata.
Nasema: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili,
na huwezi kujumlisha kabla asili hazijapatana.
Nangoja.
Lorne: "Ndiyo maana ndoa yangu ilivunjika."

Alhamisi ile niliwaaga, nikafunga daftari,
nikadhani nimezima.
Nikainuka kufuata biskuti kabatini,
nikarudi na bili ya gesi na kalamu,
nikaanza kunung'unika kama mtu aliye peke yake,
na mimi niko peke yangu tangu Oktoba.
"Kodi asilimia tano, ya mia nne na themanini,
hiyo ni arobaini na nane. Arobaini na nane!
Nestor, umeuona wizi huu?"

Nestor ni mume wangu.
Nasema ni.

Skrini ikamulika.
Delphine: "24."
Bila alama ya kuuliza.

Biskuti ikaniganda mkononi.
Lorne: "Kweli, 24. Mwalimu, kipaza sauti hakijazimwa."
Nikatazama pembeni, pale panapohesabiwa watazamaji:
watatu.
Kipindi kilikwisha zamani, na hakuna aliyeondoka.

Nikasema asanteni, na papo hapo nikakumbuka
kwamba asante yangu bado haijaondoka chumbani.
Kule, kwenye ndoo, kwenye lori,
mwanamke mwenye blauzi ya heshima
hajasahihishwa bado,
ameinua bili juu kidogo, amegeuza kichwa
kuelekea kiti kisichoonekana kwenye picha,
anangoja Nestor ajibu.
Nao wanamtazama akingoja.
Sikuwa na namna ya kumwahi.

Nikafuta arobaini na nane.
Nikahesabu: tisa, kumi.
Nilijua Wilma ataandika nini.

Wilma: "Soksi nzuri."